Moto wa Nyumba ya Ghati

Jumapili, 11 Agosti 1974

Nimefika. Basi la Musoma lilinishusha Tarime mjini mchana, nikapata lifti ya lori la mawe hadi njia panda, nikamaliza kwa miguu. Mlima ni uleule, ila katika kumbukumbu yangu ulikuwa mrefu zaidi na mimi nilikuwa mwepesi zaidi. Mama alikuwa amekaa mlangoni akipepeta wimbi. Hakuinuka. Alinitazama nikipanda kilima chote kile, na nilipofika alisema, "Umeota kitambi," kisha akasogea kidogo ili nipite.

Daftari hili nimelinunua Tabora kwa ajili ya safari hii tu. Maisha yangu yote ya kazi nilisoma prufu, kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji, nikiwawekea watu wengine nukta na mikato. Sasa nimestaafu, mke wangu Agustina ni marehemu, na watoto wana nyumba zao. Nimekuja kwa jambo moja. Watu wote wa mlimani wameagizwa washuke kwenye kijiji cha ujamaa kinachopimwa kando ya barabara, kabla mvua za vuli hazijaanza. Mama yangu, Boke, yuko peke yake huku juu. Nitamhamishia kijijini, au nitaondoka naye Tabora. Zaidi ya hapo sioni njia ya tatu.

Jumatatu, 12 Agosti

Upepo. Vumbi jekundu ndani ya chai. Mama ananipakulia kama mtoto wa miaka saba, nami nakula kama mtoto huyo.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo amekuja Werema, mwenyekiti wa kamati ya kuhama. Amenizidi miaka miwili. Tulichunga ndama pamoja, na jino langu la kwanza alilitoa yeye kwa ngumi. Lakini kwa hesabu ya ukoo ni baba yangu mdogo, kwa hiyo mimi, mzee wa miaka sitini na miwili, nilisimama wima na kuvua kofia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekua!" Akanizunguka kama mtu anayekagua fahali mnadani. "Huko Tabora walikuwa wanakulisha nini? Karatasi?"

Hesabu hiyo huwachanganya hata wanangu, basi niiandike mara moja. Babu Machage, ambaye nimerithi jina lake, alikuwa na wake wawili. Mkubwa, Ghati, hakupata mtoto. Mdogo, Waisiko, alimzaa Werema. Kwetu kila mke ana nyumba yake ndani ya boma: ng'ombe wake, shamba lake, meko yake. Mwenye nyumba akifa bila mtoto wa kiume, nyumba yake humezwa na ya mke mwenza, na jina linakoma hapo. Ghati alikataa kumezwa. Babu alipofariki, alitoa ng'ombe wa nyumba yake akaoa. Alimwoa mama yangu, azae kwa jina la nyumba ile. Kwa Kikurya huitwa nyumba ntobhu, na huku hakuna anayeinua nyusi. Mwanamume aliyenizaa nilimjua kwa sura. Alipita njiani na kunisalimia kwa adabu. Mimi ni wa Ghati. Mama yangu ni mke wa mwana ambaye Ghati hakumzaa. Werema ni mdogo wake huyo mwana asiyekuwapo. Ndiyo maana ni baba yangu mdogo, na ndiyo maana kofia yangu ilikuwa mkononi.

Alileta habari njema. "Shemeji Boke nimemweka kwenye kiwanja changu. Nyumba yake itakuwa nyuma ya ile ya mke wangu Bernadetha. Atalala pakavu, atapikiwa, hatabeba maji."

Nilimshukuru kwa maneno mengi. Mama alikuwa ameinama anapuliza moto. Aliendelea kupuliza ingawa ulikuwa unawaka vizuri.

Ijumaa, 16 Agosti

Mama hakusema nami mpaka jua lilipokuwa la utosi. Kisha:

"Jana ulimshukuru Werema kwa lipi?"

"Kwa kukutunza, mama."

"Ghati alitoa ng'ombe ili nisiwe wa nyumba ya Waisiko. Nimekaa kwenye meko yake tangu nikiwa msichana. Leo Waisiko yuko kaburini miaka yote hii, na bado ananimeza, na mwanangu anasema asante."



Jumanne, 20 Agosti

Nimepata kigoda cha Ghati darini, kimefungwa kwenye ngozi. Miguu mitatu, upande mmoja umelika. Nimekitoa nje nikakitazama asubuhi nzima, na kazi nyingine sikufanya.

Wanawake wa boma walikaa chini kwenye ngozi. Ghati alikaa kwenye kigoda kama wazee wa kiume, kwa sababu alikuwa ameoa. Mgeni akishangaa, hakumjibu. Alivuta kiko chake na kumwacha ashangae. Nafasi yangu ilikuwa kati ya magoti yake, mgongo wangu ukiegemea tumbo lake, na harufu ya tumbaku, siagi na moshi ndiyo hewa ya kwanza ninayoikumbuka. Hapo ndipo nilipojifunza kusema. Jioni ng'ombe wakirudi, aliniuliza nani hajaingia. Hakuna aliyehesabu ng'ombe kwa kidole. Nilitakiwa kujua sura zao. "Yule mwenye paji jeupe yuko wapi? Na binti yake?" Nikikosea, alinipiga kofi dogo la kisogo, nikipatia, alinipa ukoko wa ugali wa wimbi aliouficha chini ya kigae. Kila nilipokamata herufi iliyopotea katika prufu, miaka yangu yote kiwandani, nilikuwa natafuta ng'ombe ambaye hajaingia.

Na kulikuwa na asubuhi. Kabla ya jua kuwaka sawasawa, Waisiko alikuja na kigae mkononi, akasimama nje ya mlango wetu na kuita:

"Nyumba ya Ghati, mna moto?"

Bibi alinisukuma mgongoni, maana kujibu ilikuwa kazi yangu. "Upo! Ingia!" Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko mwili wangu. Waisiko aliingia, akachukua kaa lake, akanishika kidevu, akatoka. Ilikuwa hivyo kila siku. Nilidhani Waisiko hajui kutunza moto. Nilimwonea huruma kwa jambo hilo.

Nilikuwa na miaka tisa Ghati aliponipeleka mwenyewe shule, Musoma. Tulitembea, tukalala kwa watu njiani. Alinikabidhi, akageuka, hakutazama nyuma. Alikufa nikiwa bado huko. Mwanamke aliyetoa ng'ombe ili apate mwana, kwa nini alimtoa huyo mwana mmoja? Swali hili nimezeeka nalo. Halinichomi tena; nimelizoea kama mtu alivyozoea goti bovu.

Jumapili, 25 Agosti

Nimeshuka barabarani kuona kijiji. Mistari miwili ya viwanja imenyooka kama mistari ya daftari. Mpimaji ni kijana wa Ukerewe, Joram, mwenye kamba ya katani begani na vigingi kwapani. Ni mpole, na amechoka.

"Shikamoo mzee. Kiwanja ni cha kaya. Kaya ni mkuu wake na wanaomtegemea. Boma la Machage limeandikwa kaya moja, mkuu ni Mzee Werema."

"Boma lile lina nyumba mbili, bwana Joram."

"Ukoo wenu una nyumba mbili. Kwenye ramani yangu ni kaya moja. Mwenye nyumba ya pili ni nani?"

"Ghati."

"Yuko wapi?"

"Amekufa."

Alinitazama kwa huruma, kama msomaji wa prufu anavyomtazama mwandishi aliyerudia sentensi. "Na wewe mzee, unaishi hapa?"

"Tabora."

"Basi," akasema, na kweli ilikuwa basi.

Mwisho wa mstari kuna kiwanja kilichobaki, chenye jiwe kubwa katikati kama ng'ombe aliyelala. Hakuna aliyekitaka.

Jumapili, 1 Septemba

Sukari hakuna, viberiti hakuna. Dukani kuna unga wa njano wa msaada, ule ambao watu wanauita unga wa Yanga. Mama ameunusa, akawapa kuku. Kuku nao wamefikiri kwanza.

Jumapili, 8 Septemba

Mkutano wa kijiji, kwenye uwanja wa vigingi. Nilijiandaa usiku kucha na nilisimama nikiwa na hakika. Nilisema ujamaa maana yake ni jamaa, na jamaa hazianzi kwa kufuta jamaa. Nilieleza nyumba ya Ghati, kuoa kwake, haki yake. Nilisema polepole na kwa mpangilio. Naamini hakuna sentensi iliyolegea. Watu walinisikiliza vizuri sana. Nilipokaa, mwanamume mmoja nyuma akasema:

"Amesema kama redio."

Wakacheka, na mimi nilicheka, maana ilikuwa kweli. Mwingine akauliza, "Na redio hiyo ikirudi Tabora, nani atalala kwenye hicho kiwanja? Betri?"

Joram alisema kanuni yake tena bila ukali: mkuu wa kaya awe hai, awepo, alime. Nikamtazama Werema. Neno moja tu la mwenyekiti lingetosha. Alikuwa amekaza macho kwenye ncha ya fimbo yake, na hakulisema.

Naandika nikiwa na hasira, basi niandike kwa uangalifu. Nadhani Werema anataka shamba la Ghati lile la bondeni, na njia rahisi ya kulipata ni kumpa mama yangu uji na paa. Mtoto wa Waisiko anamaliza kazi ambayo Waisiko hakuimaliza.

Jumatatu, 9 Septemba

Sikumsalimia njiani. Nilijifanya natazama mawingu. Hayakuwapo.

Jumatano, 18 Septemba

Inasemekana upande wa pili wa bonde, waliochelewa kuhama wamekuta paa zao zimeshushwa. Sijui kama ni kweli, ila nimeona familia mbili zikipita na milango kichwani. Nyumba za jirani zetu zimebaki kuta. Jioni moshi ni wetu peke yetu mlima mzima.

Nilimwambia mama twende Tabora. Nilimweleza chumba chake, bomba la maji uani, kanisa karibu.

"Meko yako wapi?"

"Tuna jiko la mkaa, mama. Unalihamisha popote."

"Jiko la kuhamahama," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesikia habari za mwizi. Baadaye, akiwa ananisugulia kiatu changu bila kuombwa: "Nikienda nawe nitakuwa mama yako. Ni vizuri. Lakini mimi ni mke wa nyumba hii pia. Hilo hamlikumbuki."

Nilipokuwa mtoto mama alikuwa ni mikono: mikono ya kuosha, ya kufunga kuni, ya kukamua. Kauli ilikuwa ya Ghati. Sasa namsikia mama na nashtuka kumkuta Ghati ndani ya sauti yake, hata kile kimya cha kabla ya neno la mwisho.

Jumatano, 25 Septemba

Mawingu ya kweli, upande wa ziwa. Mama ameyatazama muda mrefu. Kisha akasema, "Jumamosi tunahama. Wewe utabeba mafiga. Moto naubeba mwenyewe."

Niliuliza tunahamia wapi. Alisema nisiulize kama mpimaji.

Jumamosi, 28 Septemba

Tumehama.

Alfajiri mama alichimbua mafiga matatu ya meko. Chini yake udongo ulikuwa mwekundu kama tofali kwa moto wa miaka yote. Nikayatia kwenye gunia, nikalibeba mgongoni, na sasa najua uzito wa nyumba. Yeye alichagua mavi makavu ya ng'ombe, akayapanga ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, akaweka makaa katikati na kufunika kwa majivu. Moto wa namna hiyo hauwaki wala haufi, unatafuna taratibu. Alisimama kidogo karibu na kaburi la Ghati nyuma ya zizi. Sikusikia alichosema. Nilisikia tu anacheka.

Tulishuka polepole. Kila tulipopumzika alipuliza chungu. Kijijini, Bernadetha, mke wa Werema, alikuwa ametuandalia: nyumba ndogo nyuma ya yake, imefagiliwa, ngozi mpya imetandikwa. Alitoka na maji ya kunywa. "Karibuni, mama. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki," akasema mama, akanywa maji, akarudisha kikombe, akaendelea kutembea.

Alipita viwanja vyote vya mstari ule. Watu waliacha kazi kutazama. Alifika kwenye kiwanja cha mwisho, chenye jiwe, akatua chungu upande usio na upepo. "Mafiga," akasema. Nikayatua. Aliyapanga, akamimina moto, akapuliza, akaweka sufuria ya uji. Kisha akaniambia nifungue kigoda nilichokifunga kwenye gunia, akakaa juu yake. Sijawahi kumwona mama yangu amekaa kwenye kigoda. Alikaa kama mtu aliyekuwa anasubiri ifike zamu yake.

Jumapili, 29 Septemba

Tumelala chini ya turubai la kuazima, lililoegemezwa kwenye jiwe. Bernadetha ameleta ugali. Mama amekula, amesifu, na ameosha chombo kwa maji aliyochemsha kwenye moto wake.

Jumatatu, 30 Septemba

Joram alikuja na vigingi vyake.

"Mama, hapa hujapewa."

"Sijaomba. Moto ndio umekaa."

"Nitaandika nini sasa?"

"Wewe ndiye unayejua kuandika, mwanangu, unaniuliza mimi?"

Alinigeukia mimi anisaidie. Nilitazama mawingu, safari hii yalikuwapo. Akasema atarudi Ijumaa, na siku hiyo mwenyekiti atalazimika kutuondoa. Alisema "kuwaondoa" kwa sauti ya chini, akiona aibu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua imekuja leo alasiri, na niandike yote.

Kulikuwa na kimya kwanza. Kuku wa kijiji kizima walijificha. Kisha upepo ukatoka upande wa ziwa ukabeba vumbi lote la viwanja vipya, na nyuma ya vumbi nikaona ukuta wa maji unakuja barabarani. Nyumba nyingi za mstari zilikuwa bado hazijaezekwa vizuri; niliwaona wanawake wakikimbia na vyungu na nguo. Turubai letu liling'oka kona mbili kwa pigo la kwanza. Nilishika kona moja, mama akalalia meko. Ndivyo alivyofanya: aliinama juu ya moto na khanga yake wazi, kama kuku juu ya vifaranga.

"Mama, uache! Utaugua!"

"Shika turubai!"

Nililishika, na likanishinda. Maji yalianza kutafuta njia kati ya mafiga, nikaona majivu yakigeuka uji. Mtu mzima wa miaka yangu anajua kwamba moto ni moto, kwamba kesho mtu anaweza kuwasha mwingine. Lakini kaa lile Ghati alikuwa amelipuliza. Nililia kwa hasira, na kwa sababu ya mvua hakuna aliyejua.

Ndipo nikaona ngozi ya ng'ombe inatembea. Ilikuwa ngozi nzima, kavu, ngumu kama mlango, na chini yake miguu ya Werema. Alikuja anateleza, anatukana tope kwa Kikurya, akaisimika ile ngozi juu yetu, upande mmoja kwenye jiwe, upande mwingine kwenye kichwa chake.

"Shemeji, puliza! Na wewe mtoto, chimba mfereji! Unangoja barua?"

Nilichimba kwa mikono na kwa kifuniko cha sufuria. Maji yakageuka, yakapita pembeni. Mama alipuliza, akakohoa, akapuliza. Kaa moja lilibaki jekundu, kisha mawili. Werema akatoa kifuani mavi makavu ya ng'ombe aliyoyaficha chini ya shati, akampa. Tulikaa watatu chini ya ngozi ile, magoti yakigusana, na mvua ikipiga juu kama ngoma.

"Baba mdogo," nikasema, "nilidhani unataka shamba la bondeni."

"Najua ulichodhani. Ulitazama mawingu siku ambayo hayakuwapo." Alihamisha ngozi kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine. "Mkutanoni nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimechukia. Nimemwandalia shemeji nyumba, nimemtandikia ngozi, mke wangu amemchotea maji, na wewe unasimama unasoma habari kama redio kwamba namnyang'anya. Mimi nilidhani nalipa."

"Unalipa nini?"

Akamtazama mama. "Hajui?"

"Ghati alinikataza," mama akasema. "Lakini Ghati hakukukataza wewe."

Werema alisogeza kaa kwa kijiti. Kisha akasimulia, akitazama moto. Wakati ule chifu alitaka mtoto mmoja kutoka kila boma kwa ajili ya shule ambayo ilikuwa haijajengwa. Watoto wangeitwa ikiwa tayari. Boma la Machage lilihesabiwa moja, na mtoto aliyechaguliwa alikuwa Werema. Alikuwa mgonjwa wa kifua, hakuna aliyetegemea angevuka hata Mto Mara. Waisiko alilia mpaka sauti ikakauka.

"Ghati akainuka kwenye kigoda chake mbele ya wazee. Akasema mtoto atatoka kwangu. Wazee wakacheka, wakamwambia, wewe unaye mmoja tu, tena wa kuoa. Akawaambia, ndiyo, huyohuyo. Ila muandike kwamba boma hili lina nyumba mbili, na iliyotoa ni ya Ghati. Ulikuwa unacheza kwenye majivu hapo, unakula ukoko."

"Nilikuwa na miaka mingapi?"

"Sita. Shule ilichukua miaka mitatu kujengwa."

"Na Waisiko?"

"Mama yangu alirudi nyumbani akazima moto wake kwa maji. Tangu siku hiyo hakuwasha mwenyewe. Kila asubuhi alikwenda kwa Ghati kuomba. Alisema, mwanangu anaota moto wa nyumba ile, na watu wasikie."

Mvua ilikuwa inapungua. Niliutazama moto na sikuona vizuri. Kumbe ile miaka yote mitatu, kati ya magoti yake, jioni za ng'ombe na asubuhi za moto, alikuwa ananiaga. Kila ukoko, kila kofi la kisogo. Aliniaga taratibu hivyo, bila mimi kujua, na nikapata utoto mzima ndani ya kuaga kwake.

"Basi usimlipe Ghati kwa paa la nyumba ya Waisiko," nikamwambia Werema.

"Sasa nimeelewa. Nimeelewa nikiwa na ngozi kichwani." Akanisukuma bega. "Ila na wewe ulichelewa kuuliza. Msomi mzima!"

Ijumaa, 4 Oktoba

Asubuhi hakukuwa na moshi kijiji kizima. Paa mbichi zilivuja usiku, meko yote yamejaa maji, na dukani hakuna kiberiti. Moshi ulikuwa mmoja, kwenye jiwe.

Wa kwanza alikuwa Bernadetha. Alikuja na kigae, na sijui kama Werema alimfundisha au alikua akisikia. Alisimama pale ambapo mlango ungekuwapo, akaita:

"Nyumba ya Ghati, mna moto?"

Mama alinisukuma mgongoni. Naapa alinisukuma.

"Upo," nikasema, na sauti ilitoka vibaya, nikarudia. "Upo! Ingia!"

Wakafuata wengine, mstari mzima, wanawake na vigae, na kila mmoja aliita vilevile kwa kuwa ndivyo alivyomsikia wa mbele yake akiita. Mwishoni alikuja Joram, ameloa, ana birika.

"Mama, naomba moto nichemshe chai."

"Omba vizuri."

Alisita. Akatazama mstari wa wanawake waliokuwa wanatabasamu, akatazama moto. "Nyumba ya Ghati," akasema kwa lafudhi ya Ukerewe, "mna moto?"

Walimpigia vigelegele. Alichemsha chai yake hapohapo, akainywa amechuchumaa, kisha akakung'uta kamba. "Sawa. Nyumba nimeisikia. Lakini kanuni haijabadilika. Nahitaji mkuu aliye hai, anayeishi hapa, anayelima."

Werema alifungua kinywa. Nilimtangulia.

"Yupo. Machage wa nyumba ya Ghati. Ninaishi hapa."

Nilisema kabla ya kufikiri, na baada ya kufikiri sikupata cha kusahihisha. Mama alinipima kutoka kichwani hadi miguuni.

"Utalima na kitambi hicho?"

"Kitaisha, mama."

"Mwandike," akamwambia Joram. "Kitambi kitaisha."

Jumatatu, 14 Oktoba

Nguzo zimesimama. Malengelenge mikononi, manne upande mmoja. Werema anaezeka na anaimba vibaya.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua nyepesi tangu jana. Wimbi tulilopanda nyuma ya jiwe limechipua. Nimekwenda kulitazama zaidi ya inavyohitajika. Nimewaandikia watoto wanitumie vitabu vyangu na kitanda cha mama yao, na waje Krismasi waone walikotoka. Nimewaeleza njia. Wakifika wasiulize kwa Mzee Nikolaus wa uchapaji, jina langu la ubatizo, hakuna atakayemjua. Waulize nyumba ya Ghati.

Kiberiti kimefika dukani wiki hii, kila mtu amepata. Asubuhi ya leo nilikuwa ndani, mlango mpya uko nusu wazi, mama anakoroga uji. Nilisikia hatua za mzee kwenye tope, na kikohozi cha mtu aliyewahi kuwa na kifua kibovu. Alipoinama kukwepa matone ya paa, kiberiti kilicheza kwenye mfuko wa shati lake; nilikisikia waziwazi, kimejaa.

"Nyumba ya Ghati," Werema akaita, "mna moto?"

"Upo," nikasema. "Ingia, baba mdogo."